Saumu ya Maabara

Nyumba ya kina Nadra, pale Mbugangari, mtaa wa mji wa Gisenyi, haikujua kunyamaza. Asubuhi, kabla chai haijachemka, wanawake wanaovuka mpaka kwenda Goma walikuwa wanapita na mabeseni kichwani, wakisalimiana kwa sauti kama watu walioachana mwaka mzima. Sebuleni walilala shangazi wawili na watoto wao. Walikuja kutoka Goma kukaa kidogo tu, lakini godoro lao lilikuwa limeshapata mahali pake pa kudumu. Bibi alikuwa jikoni akigombana na moshi. Na barazani ilikuwepo cherehani ya mama, ambayo watu wa mtaa waliizoea kama wanavyozoea jogoo.

Nadra alikuwa na miaka kumi na miwili. Alifagia uwanja, akachota maji, akampelekea mama kikombe cha chai pale kwenye cherehani, kisha akavaa sare na kukimbia shule. Hivyo ndivyo siku zake zilivyokwenda, mpaka cherehani ilipoanza kunyamaza katikati ya kazi.

"Nimechoka tu," mama alisema kila alipoulizwa.

Hakuna aliyeshtuka. Miaka ile, baada ya vita, kila mtu alikuwa amechoka. Wengine walikuwa wamerudi nyumbani kutoka mbali, wengine walikuwa bado wanasubiri habari za watu wao, na nyumba zilijaa kuliko vyumba vyake. Ukisema umechoka, jirani anakujibu, "Na mimi pia," mnacheka kidogo, mnaendelea. Aliyegundua kwamba uchovu wa mama ulikuwa wa aina nyingine ni Nyirasafari, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye hakuna kilichompita.

"We Mama Nadra," alisema siku moja, akimwinamia karibu kabisa, "macho yako iko manjano! Angalia huku. Yee! Manjano kabisa! Leo unaenda hospitali, ao mi nakubeba mugongoni."

Mama hakuwa na nguvu ya kubishana. Alasiri hiyo alikwenda hospitali akimshika Nadra begani.

Dokta Gatete, daktari aliyewapokea, alimbonyeza mama chini ya mbavu za kulia, akatazama macho yake, akasema anataka kujua hali ya ini. Ilibidi damu ipimwe kesho asubuhi. Akawatuma maabara wakapewe maelekezo. Mama alikaa kwenye benchi, akaegemea ukuta na kufumba macho.

"Nenda wewe," alimwambia Nadra. "Uje uniambie."

Kwenye dirisha la maabara kulikuwa na foleni ndefu. Nyuma ya dirisha alisimama mwanamke mrefu mwenye koti jeupe, jina lake Laurence, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameketi. Watu wa mji ule walikuwa wametoka pande zote, Tanzania, Uganda, Kongo, Burundi, kwa hiyo alikuwa amezoea kumuuliza kila mtu kwanza, "Kinyarwanda, Kiswahili ao Kifaransa?"

Nadra alijua Kinyarwanda vizuri. Kiswahili ndicho alichozaliwa nacho. Lakini nyuma yake kwenye foleni alisimama mama wa mwanafunzi mwenzake, na Nadra ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani katika Kifaransa. Akajinyoosha.

"Français, madame!"

"Bon!" alisema Laurence, na maneno yakaanza kumwagika. Yalikuwa ya haraka sana, si kama ya mwalimu anayesoma polepole huku akigonga ubao. Katika mvua ile yote Nadra alidaka maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa "à jeun". Hilo walifundishwa: ni mtu aliyefunga. La pili lilikuwa "lait", na hilo hata watoto wa darasa la kwanza wanalijua: maziwa.

"Compris?" aliuliza Laurence, akimaanisha, umeelewa?

"Oui, madame," alijibu Nadra. Aliyemfuata kwenye foleni alikuwa ameshamsukuma kando.

Mama alifumbua jicho moja. "Wamesemaje?"

"Kesho uje umefunga."

"Basi?"

"Na maziwa."

"Maziwa yafanye nini?"

Nadra aligeuka kutazama dirishani. Laurence alikuwa anamfokea mzee mmoja aliyeleta choo kwenye kopo la rangi. Angerudi aseme nini? Kwamba hakuelewa? Mbele ya mama wa mwenzake?

"Unywe," alisema.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kwa mjadala, kama habari zote za nyumba ile.

"Mgonjwa afunge?" Bibi aliweka mwiko chini. "Hata Mungu amemsamehe mgonjwa! Hawa madaktari wamesoma wapi?"

"Ndivyo walivyosema, Bibi."

"Na maziwa wamesema anywe," aliongeza shangazi mmoja.

"Aa!" Uso wa Bibi ulifunguka. "Basi hao wana akili kidogo. Hiyo ni daku wanayosema. Mtu atafungaje bila daku? Si ataanguka njiani!"

Sasa, Waislamu wa mtaa ule wakisema kufunga, kila mtu anaelewa: unaamka kabla ya alfajiri, unakula daku, unashiba, unanuia, ndipo unaacha kula mpaka jua lizame. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kusikia kufunga kwa namna nyingine. Kwa hiyo Bibi aliamka mapema akapika daku ya heshima. Alikanda chapati kwa samli, akapasha moto mchuzi wa nyama wenye mafuta yaliyoganda juu, akachemsha maziwa ya malisho ya Gishwati, yale mazito.

"Sina hamu, mama," alisema mama yake Nadra.

"Kula, mwanangu. Kidogo tu. Na hii. Na hiki kipande. Usije ukaniangukia hospitalini."

Mama alikula ili Bibi atulie. Alimaliza na bakuli la maziwa, akafuta mdomo, akanuia saumu yake, akalala tena akiwa ameshika tumbo.

Asubuhi, damu ilichukuliwa.

"Mama, umekula kitu?" aliuliza Laurence huku akifunga mpira mkononi.

"Nimefunga, dada."

"Vizuri sana. Wangekuwa wote kama wewe!"

Mama alijisikia vibaya baada ya hapo, kichefuchefu kikampanda, akalazwa kwenye kitanda cha chumba cha uangalizi. Mlinzi alikataa watu wengi, akaruhusu mmoja tu akae naye. Huyo akawa Nadra. Bibi, shangazi wote wawili na Nyirasafari walibaki uwanjani wakitandika khanga kwenye nyasi.

Ilipita asubuhi karibu yote. Halafu Laurence akaingia na kichupa chembamba cha kioo, akakisimamisha mbele ya macho ya Dokta Gatete, karibu na dirisha.

Kwa kawaida damu ikikaa ikaganda, kisha ikazungushwa kwenye mashine, wekundu wote hushuka chini. Juu hubaki majimaji ya manjano yanayong'aa, yale wanayoyaita serumu, unaweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Ya mama yake Nadra hayakuwa hivyo. Yalikuwa meupe. Meupe pepepe, kama mtu amemimina maziwa humo.

"Mashine yangu inapitisha mwanga ndani ya majimaji ili isome," Laurence alimwambia daktari kwa Kinyarwanda. "Hapa mwanga haupiti. Nimejaribu, inanipa namba za ajabu. Haya yote ni mafuta."

"Huwezi kuyatoa?"

"Naweza. Lakini nilimuuliza, amesema hajala. Kama hajala na damu iko hivi, basi mafuta ndiyo ugonjwa wenyewe. Nikiyatoa, nitakuwa nimekitupa kile tunachokitafuta."

Dokta Gatete alivua miwani, akasugua macho. Naye hakuwa amelala vizuri. Laurence akamgeukia Nadra, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mutoto, niambie vizuri. Tangu jana jioni mama hakukula kitu? Kitu chochote? Hata maziwa?"

Hata maziwa. Nadra alihisi masikio yakimchoma. Sasa mvua ile ya Kifaransa ilimrudia kichwani, na neno "lait" likakaa mahali pake. Hawakusema anywe maziwa. Walisema asinywe hata maziwa.

"Alifunga," alisema kwa sauti ndogo.

Neno lenyewe lilikuwa la kweli. Ndiyo maana lilitoka kirahisi.

"Basi hatuwezi kubahatisha," alisema daktari. "Kwa mafuta mengi hivi, kongosho linaweza kuwa limeharibika, na sisi hapa hatuna vifaa vya kupima hilo. Gari la wagonjwa litaondoka kesho kwenda Kigali. Aende nalo."

Habari ilifika uwanjani kabla ya Nadra. Alipotoka kumwita Bibi, alikuta imeshavaa nguo nyingine.

"Damu yote imegeuka maziwa!" Nyirasafari alikuwa anamweleza mwanamke ambaye hakumjua hata jina. "Yote! Mi nilisema, ile kitambaa alishonea yule mwanamke wa Goma, haikuwa kitambaa ya kawaida."

"Nyamaza na uchawi wako," alisema shangazi. "Nimesikia wakisema serumu. Wakishamtundikia chupa ya serumu atapona."

"Serumu ni damu yake yenyewe, si ile ya chupa!" alidakia mwingine.

"Kigali," Bibi alisema. Hakuwa anazungumza na mtu. "Barabara ile. Na hali ile aliyonayo." Kwa mara ya kwanza Nadra alimwona Bibi amekaa bila kufanya kitu chochote kwa mikono yake. Barabara ya kwenda huko ilipita milimani, na miaka ile watu walikuwa wanaisafiri kwa roho juu juu, hata wakiwa wazima.

Nadra alirudi ndani. Mama alikuwa amegeukia ukutani, lakini hakuwa amelala.

"Nadra, cherehani ibaki kwa shangazi yako. Kuna magauni mawili ya watu kwenye mfuko wa bluu, moja halijawekwa vifungo. Na wewe usiache shule kwa ajili ya kunililia."

"Mama, unaogopa?"

"Hapana." Mama alivuta shuka mpaka kidevuni. "Nimechoka, mwanangu. Hata kuogopa nimechoka."

Nadra alisimama. Alitamani mtu mwingine aseme. Bibi angesema, lakini Bibi hakujua kwamba kuna la kusema. Kwake, mtu aliyekula daku na kunuia amefunga, basi. Mama naye vivyo hivyo. Katika hospitali yote ile, aliyejua ni yeye peke yake.

Dirisha la maabara lilikuwa limefungwa kwa mapumziko ya mchana. Akagonga.

"Rudi saa nane!" ilisikika sauti kutoka ndani.

Akagonga tena.

Laurence alifungua, mkononi ana kipande cha mkate. "We, hujui kusoma? Imeandikwa hapo."

"Nimekuja kwa ajili ya mama. Yule wa damu nyeupe."

"Nimeshasema na daktari."

"Alikula," alisema Nadra, na baada ya neno hilo mengine yakafuata yakikanyagana. "Alikula alfajiri. Daku. Sisi tukifunga tunakula daku kwanza. Na alikunywa maziwa, bakuli zima, kwa sababu mi nilisema umesema anywe. Sikuelewa. Ulisema haraka, na mi nikasema oui. Nilielewa mawili tu."

Laurence aliuweka mkate chini.

"Alikula nini? Yote. Taja."

"Chapati."

"Za nini?"

"Za samli. Na mchuzi wa nyama. Na maziwa ya Gishwati."

"Na utando wake?"

"Na utando wake."

Laurence alikaa kwenye kiti. Nadra alisubiri makelele. Badala yake mwanamke yule alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na ilimchukua Nadra muda kuelewa kwamba anacheka. Kicheko cha mtu ambaye amechoka mno kukasirika.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Mimi natafuta ugonjwa wa kongosho, kumbe natazama samli ya Bibi!" Kisha akakoma ghafla. "Na nilipokuuliza mbele ya daktari, tayari ulikuwa unajua?"

Nadra alitazama sakafu. "Ndiyo."

"Na ungenyamaza, mama yako angepanda gari kesho."

"Ndiyo."

"Bon. Mbele ya Dokta utarudia mwenyewe, kwa mdomo wako. Lakini kwanza damu. Simama pale mlangoni, usiguse kitu."

Alikitoa kile kichupa, akamimina majimaji meupe kwenye kingine kidogo zaidi, akakiweka kwenye mashine ya kuzungusha na kingine cha maji upande wa pili ili visawazike. Mashine ikanguruma mpaka meza ikatetemeka.

"Ukiacha maziwa kwenye sufuria usiku, asubuhi unakuta nini juu?" aliuliza Laurence.

"Utando."

"Kwa nini juu?"

"Kwa sababu mafuta ni mepesi."

"Donc. Tunayazungusha kwa nguvu ili yapande haraka. Kisha tunayapoza kwenye friji yagande. Yakishaganda, hatuyagusi. Tunavuta yaliyo chini yake."

Alasiri ilipofika akakitoa kichupa kwenye friji na kumwonyesha. Juu palikuwa na tabaka jeupe, zito. Chini yake palikuwa na majimaji ya manjano, karibu yang'ae. Laurence alichukua mrija mwembamba, akauzamisha kwa pembeni taratibu, akapita chini ya ule weupe bila kuutikisa, akaanza kuvuta. Alikuwa amebana pumzi. Nadra naye alijikuta amebana yake.

"Si safi kabisa," alisema baada ya kuyatazama kwenye mwanga. "Lakini mwanga unapita. Itatupa jibu la leo. Kesho tutachukua damu nyingine, na safari hii usiku huo asile kitu. Akiwa na kiu, maji matupu basi. Rudia nilivyosema."

Nadra akarudia yote, neno kwa neno.

Mbele ya Dokta Gatete ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu daktari hakucheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasoma karatasi ya majibu, akaisoma tena. Ini la mama lilikuwa limevimba. Lilihitaji dawa, mapumziko marefu na chakula kisicho na mafuta, na yote hayo yangeweza kufanyika pale pale Gisenyi. Gari la kesho lingeondoka bila yeye, isipokuwa damu mpya ilete habari nyingine.

Damu ya siku iliyofuata haikuleta habari nyingine. Ilikuwa ya manjano na inang'aa tangu mwanzo, na Laurence alitoka nayo mpaka uwanjani ili Bibi aione kwa macho yake.

"Sasa huku ndiko kufunga, Bibi."

"Nani amekwambia?" Bibi alijibu. "Huko ni kulala na njaa! Ungesema tangu mwanzo 'alale na njaa', tungeelewa wote!"

Nyirasafari alicheka mpaka akashika ukuta, na Laurence, baada ya kufikiri kidogo, alikubali kwamba Bibi amesema kweli. Tangu siku hiyo, pale dirishani, hakusema tena neno moja akaliacha. Alimweleza kila mtu kitu gani asile na tangu saa ngapi, na akaacha kumuuliza kama ameelewa. Alimwambia tu, "Nirudishie nilichosema."

Jioni, kelele za ndugu zilipoondoka na chumba kikatulia, mama alimwita Nadra akae kitandani.

"Dokta ameniambia yote."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Sasa nisikilize, maana sina nguvu ya kusema mara mbili." Alivuta pumzi. "Kutoelewa si kosa. Mimi mwenyewe nusu ya maneno ya hapa siyaelewi. Lakini mgonjwa amechoka, hawezi kusimama kwenye foleni, hawezi kuuliza. Anamtuma mtu awe masikio yake na mdomo wake. Mtu huyo akiongeza neno la kwake ili aonekane anajua, mgonjwa ndiye anayelilipia. Ukibeba maneno ya mtu, yabebe kama yalivyo. Usichokisikia, sema hukukisikia. Na ukishakosea, rudi haraka, kama ulivyorudi jana. Ulichelewa, lakini ulirudi."

Nadra aliitikia kwa kichwa. Mama alifumba macho, na safari hii alilala kweli.

Muda mfupi baadaye aliingia muuguzi wa zamu, kijana aliyekuwa na haraka, mikononi ana vidonge vya aina mbili. Alimwona mgonjwa amelala, akamgeukia Nadra na kuanza kueleza kwa Kifaransa: hivi, vile, kabla, baada, asubuhi. Mwishoni akauliza kama ameelewa, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari mlangoni.

Kwenye kitanda cha jirani watu wa mgonjwa mwingine walikuwa wanatazama.

"Hapana," alisema Nadra. "Sijaelewa. Naomba uniambie kwa Kiswahili, polepole."

Muuguzi alisita. Kisha akaurudisha mguu ndani, akavuta kiti, akakaa.